Kibali cha Kumtafiti Chatu wa Ukutani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani, na kiti chake ni hiki chenye kitambaa cheupe, naomba kisikaliwe na mtu. Waheshimiwa Wawakilishi wa Waheshimiwa waliopata udhuru. Ndugu Mtendaji wa Kijiji chetu cha Mwabasimba. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, na wajumbe wa ile Kamati Ndogo ya kusuluhisha kamati hizo mbili. Walimu mliotuazima uwanja wa shule. Wanazuoni wa shahada zote, zilizopatikana na zinazotafutwa. Wachungaji wa roho na wachungaji wa ng'ombe. Kina mama wa vigelegele, ambao bila ninyi hotuba inakuwa mazungumzo tu. Na mimi mwenyewe, Revocatus Ngosha, Mratibu Mkuu wa Mbinu za Utafiti wa Sanaa na Urithi, Kanda ya Ziwa, mwandishi wa tasnifu ya uzamivu iliyobakiza kufungwa jalada: kila mmoja kwa ngazi yake na kwa kiti chake, nawasalimu kwa Kisukuma chetu, mwangaluka! (Mwangaluka!) Mhola? (Mhola duhu!)

(Bibi mmoja wa mstari wa mbele, Bibi Dorotea, mwenye miaka inayokaribia tisini, anapaza sauti: "Na shikamoo yangu iko wapi, we mtoto?" Kicheko.)

Shikamoo, bibi. ("Marahaba. Haya, sema.") Ahsante. Naomba ieleweke kwamba shikamoo hiyo ilikuwemo kwenye hotuba, ukurasa wa pili, bibi ameiwahi tu.

Ndugu wananchi, leo tumekutana katika tukio la kihistoria, la kimkakati na lenye tija mtambuka, la kuzindua Kituo cha Kanda cha Umahiri wa Methodolojia ya Sanaa na Urithi, chenye ghorofa nne kama mnavyokiona kwenye bango nyuma yangu, lifti mbili, maktaba, ukumbi wa kutetea tasnifu wenye viyoyozi, na bustani ya kutafakaria dhana tete, kitakachosimama si Buswelu walikokigombania, si mjini Mwanza, bali hapa hapa Mwabasimba, kilometa mbili kutoka uwanja huu, pale kwa Bibi Dorotea, ambaye asubuhi ya leo nilimtumia gari la ofisi limlete, apande mbele, na akapanda mbele. (Makofi. Bibi Dorotea: "Gari zuri. Lina baridi.")

Kwa nini kwa Bibi Dorotea? Swali zuri, nashukuru kwa kujiuliza. Ni kwa sababu uani kwake, kando ya nyumba yake ya bati, imesimama nyumba ya udongo ya marehemu baba yake, aliyekuwa mkuu wa wacheza nyoka wa upande huu, na ndani ya nyumba hiyo ukuta mzima, kuanzia mlango hadi kurudi mlangoni, umechorwa kwa chokaa, makaa na udongo mwekundu: chatu, nungunungu, nyota, watu wenye ngoma, na vitu vingine ambavyo sisi wataalamu tunaviita vitu vingine. Hazina, ndugu zangu! Hazina ambayo mzungu angeivukia bahari, na mimi, mtoto wa hapa, nimeandika juu yake kurasa mia nne na kumi na mbili bila hata kuisumbua kwa kuitembelea. (Makofi, yanachelewa kidogo.)

Naona mmeshangaa. Ngoja niwafundishe, maana leo ni siku ya elimu bure. Watafiti wengi, kwa kukosa uzoefu, huanza na maswali, halafu wanahangaika juani miaka mitatu kutafuta majibu, wanaungua, wanakonda, wake zao wanawakimbia. Mimi nilianza na Sura ya Tano, yaani matokeo. Matokeo yalikuwa tayari mwezi wa pili tu. Nikakaa ofisini kwa utulivu nikayatafutia maswali yanayofanana nayo, na nawaambia kwa moyo mkunjufu, yote yaliafikiana, hakuna jibu hata moja lililolikataa swali lake. Ndipo Sura ya Tatu, methodolojia, nikaiandika mwishoni, kwa sababu mtu hawezi kueleza alivyofanya kazi kabla hajajua imekuwaje.

Na takwimu zipo! Katika sampuli ya wakazi mia tatu themanini na wanne wa kijiji hiki, waliojaza hojaji kwa hiari, asilimia tisini na saba nukta tatu walikiri kwamba wameridhika kwa kiwango cha juu na jinsi Ofisi yangu inavyotunza urithi, na hao wengine mbili nukta saba walikuwa hawajaelewa swali.

(Mtendaji wa Kijiji, taratibu: "Mheshimiwa, watu wazima hapa hatufiki mia mbili.") Ndugu Mtendaji, tofauti ni makadirio. (Bibi Dorotea: "Mimi hukuniuliza kitu.") Bibi, wewe umo, namba kumi na saba, uliridhika sana. ("Lini?") Kinadharia, bibi, uliridhika kinadharia. Precious, wewe ndiye mshereheshaji, punguza spika za upande ule, watu wananijibu.

Nisichukue muda wenu, ingawa muda wenyewe upo. Nataka nimtambulishe kwenu kijana mmoja ambaye anatupa picha ya namna Ofisi yangu inavyolea vipaji. Modesta, simama binti yangu. Simama waone. Huyu ni binti wa Misungwi, mwanafunzi wa historia ya sanaa, anaandika tasnifu yake ya uzamili juu ya ukuta huo huo wa Bibi Dorotea, na mimi nilipoisoma proposali yake nilisikia uchungu, kwa sababu ilikuwa na maswali matupu. Anauliza chatu ameanzia wapi. Anauliza kwa nini nungunungu ametazama nyuma. Anasema eti hajui! Mtu unaomba shahada huku unakiri kwa maandishi kwamba hujui? (Kicheko cha wajumbe wa kamati.)

Modesta alifika ofisini kwangu miezi minane iliyopita kuomba kibali cha utafiti. Karani wangu Hellen alimpokea vizuri, akampa kiti. Tukamwomba barua ya chuo, akaleta. Tukamwomba barua ya kuthibitisha barua ya chuo, akaleta. Picha nne za rangi ya bluu nyuma, nakala tano za proposali, barua ya mtendaji, barua ya mwenye nyumba, na pale bibi aliposema hajui kuandika, tukaomba barua ya kuthibitisha kwamba hajui kuandika, iliyoandikwa na yeye mwenyewe. Hapo ndipo kukawa na ucheleweshaji mdogo, na sio wa kwetu.

Katikati ya mchakato huo ikagundulika kwamba binti huyu, kwa haraka za ujana, alikwishaingia ndani ya ile nyumba na simu yake akapiga picha sitini na moja za ukuta. Sitini na moja! Bila kibali! Data iliyokusanywa kabla ya kibali, ndugu zangu, ni data haramu. Haitambuliki, haitajwi, haipaswi hata kuonwa. Tulimwita mbele ya Kamati ya Maadili, akazifuta moja baada ya nyingine huku wajumbe wakihesabu kwa sauti, na ilipofika sitini na moja nilimpa mkono mwenyewe. Alilia. Nilimwambia, lia binti yangu, hiyo ndiyo methodolojia inaingia. (Makofi ya wajumbe.)

(Modesta, bado amesimama: "Mheshimiwa, naomba niseme neno moja. Chuo kinafunga kupokea rasimu Ijumaa ijayo. Nahitaji siku tatu tu mle ndani na bibi, nichore na niandike anavyosema. Bila sahihi yako wamekataa kuipokea. Nakuomba baba, sahihi tu.")

Haraka ya nini? Chatu amekaa pale ukutani miaka themanini, hajahama.

(Bibi Dorotea anashika fimbo yake, anasimama. "Mwanangu, sikiliza. Macho yangu yaliisha zamani. Baba alinifundisha ule ukuta nikiwa mdogo, ananishika mkono ananipitisha: huyu ni nyoka fulani, akikuuma unachimba mzizi fulani, huyu unakunywa, huyu unapaka. Yako mengi. Nikikaa hapa kwenye kiti chako sikumbuki hata moja. Nikiweka mkono pale, yanakuja yenyewe, moja linavuta jingine. Wanangu wamekwenda mjini, hakuna aliyetaka. Huyu mtoto ndiye wa kwanza kutaka. Mpe karatasi yake, mimi sina miaka ya kusubiri makaratasi.")

Ahsante bibi, kaa, usijichoshe. Ndugu wananchi, hicho alichokisema bibi kitaalamu tunaita kumbukumbu gusishi, dhana niliyoibuni sasa hivi nikiwa nimesimama, na Hellen ameshaiandika, itaingia Sura ya Pili kama mapitio ya maandiko yangu mwenyewe. Mnaona faida ya kushirikisha wadau?

Na kwa kuwa mimi ni mzazi, na kwa kuwa moyo wangu si jiwe, natamka mbele ya umma huu kwamba Modesta atapata kibali chake leo! (Vigelegele virefu. Mtu anapiga filimbi.) Si kesho, leo! Hellen, lete muhuri. Lete na wino. Umekauka? Upulizie. Pulizia kwa nguvu, mama, tumbo unalo. Haya. Kibali namba moja, cha kwanza kutolewa tangu Ofisi hii ianzishwe miaka tisa iliyopita, cha kumtafiti chatu na wenzake waliomo ukutani katika nyumba ya Bibi Dorotea, kwa siku kumi na nne kuanzia leo. Sahihi hiyo. Na muhuri, puu! Wapiga picha mmepata? Tunarudia. Puu! (Modesta anapokea kwa mikono miwili, anapiga goti, anakimbilia kwa bibi. Bibi anaishika ile karatasi, anaunusa wino wake, anacheka. Kina mama wanawazunguka wakicheza ngoma.)

Sasa tuamke wote, hata wazee, tupeleke ujumbe ziwani mpaka visiwani! Nikisema urithi, mnasema kwa utaratibu! Urithi! (Kwa utaratibu!) Utafiti! (Kwa kibali!) Methodolojia! (Hoyee!) Sura ya Tano! (Hoyee!) Sura ya Tano mwanzo! (Hoyee!) Mnaozunguka na simu zenu! (Futeni!) Hapo sawa, mmeiva.

Baada ya hayo imebaki shukrani, na mimi si mtu wa kusahau fadhila. Nawashukuru walimu kwa viti. Namshukuru mwenye duka la picha pale Kisesa kwa bango hili zuri; yeye alitafuta kwenye mtandao akatupatia jengo hili, la hoteli, sikumbuki ya nchi gani, maana sisi wenyewe hatukuwa na mchoro. Nawashukuru wenye kiwanja cha Kituo, yaani hakuna, kwa kuwa kiwanja bado hakijaombwa na mtu yeyote.

Naishukuru pia ofisi ya Mgeni Rasmi kwa barua iliyonifikia muda huu huu kwa simu ya Hellen, naisoma kama ilivyo: "Tumepekua majalada yote. Mradi unaoutaja haupo, haujawahi kuwepo, na haumo katika mpango wowote tunaoufahamu. Mheshimiwa hatafika." Ndugu zangu, hebu tuwapigie makofi! Watu wamepekua majalada yote! Huo ndio utafiti wa maktabani tunaouhubiri hapa, na nyote mmeshuhudia unavyoleta matokeo ya uhakika.

Kwa hiyo kiti kile sasa kinaweza kukaliwa. Na wa mwisho kabisa, kwa uzito wa pekee, namshukuru kijana wetu Yassin, dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia barabara, yule pale anafuta vumbi, kwa kazi ya kizalendo. Jana tulikagua njia ya msafara, tukaona kule kwa Bibi Dorotea magari ya Mheshimiwa yasingepata mahali pa kugeuzia, nafasi yote ya uani imezibwa na ile nyumba ya udongo. Leo saa tatu, bibi alipokwisha kupanda gari, Yassin akaingia. Ameniambia haikuchukua hata dakika kumi, udongo mtupu, na kifusi chote amekishindilia vizuri, pako tambarare. Hata basi linageuka. Mpigieni makofi.

(Kina mama wanakatisha ngoma.)

(Modesta: "Nyumba ipi?")

Ile ile ya kwenye kibali, binti yangu. Kibali chako kiko sawa, usiwe na wasiwasi, hakijafutwa.

(Bibi Dorotea amemshika Modesta mkono. "Andika," anamwambia. "Toa daftari, andika upesi. Mlangoni, kushoto, ni chatu. Chatu hana sumu, anaanza yeye ili mtoto asiogope. Anayemfuata..." Mkono wake wa kulia umenyooka mbele, vidole vimefunguka, unatafuta pa kugusa. "Anayemfuata nani, bibi?" anauliza Modesta, kalamu iko juu ya karatasi. "Anayemfuata..." anasema bibi. "Hebu nisogeze kidogo. Nisogeze ukutani.")

Ndugu wananchi, maswali na majibu hayamo kwenye ratiba. Precious, weka muziki.