Kompyuta Yamuumbua Ndoano

Redio ya Fundi Gundi, mshona viatu, ndiyo iliyoanzisha balaa: wataalamu wameuchora mto kwa kompyuta, wakajua wapi kuna kina, wapi kokoto, wapi samaki wanazalia.

Ndoano nusura apaliwe na kahawa. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango, lakini kijiweni jina lake lilitokana na samaki aliodai kuwavua kwenye kona ya mto, samaki waliorefuka kila alipowasimulia.

"Kompyuta imeogelea lini?"

"Haiogelei," alijibu mpwa wa Gundi, binti aliyekuwa mmoja wa wataalamu hao, akifungua kompyuta yake juu ya benchi. "Tunapima sakafu ya mto, tunaipa kompyuta vipimo hivyo na wingi wa maji, yenyewe inakokotoa yanavyopita. Buluu ni kina kilichotulia. Nyekundu ni mkondo mkali, maji ya kifundo cha mguu."

Mama Chupa, muuza kahawa, akainama. "Na kona ya Ndoano?"

"Nyekundu."

"Weee! Kumbe wale samaki walikuwa wanatembea kwa magoti!"

"Mashine imelewa hiyo! Pale maji yananifika kifuani!"

"Labda ukilala," alisema Gundi.

Benchi likatikisika kwa vicheko. Ndoano aliona heshima ya miaka kumi ikimponyoka hivi hivi. Akasimama.

"Twendeni!"

Wakaenda wote, Mama Chupa na chupa yake kwapani.

Ndoano akapandisha suruali, akaingia kwa mbwembwe. Kifundo cha mguu. Akapiga hatua kumi. Kifundo cha mguu.

"Kompyuta hoyee!" walipiga kelele.

"Nimekosea kidogo tu! Ni hapa, nyuma ya jiwe!"

"Baba mdogo, hapo ni bulu..." alianza binti.

Chubwi! Ikabaki kofia. Gundi akamnyooshea tawi la mti, akamvuta. Ndoano alitoka akikohoa, macho yamemtoka pima.

"Wamo! Mmoja kanizaba kofi la shavu!"

Walicheka hadi wakakaa chini kwenye kokoto. Naye, pamoja na aibu yake, alicheka kuliko wote.

Wakati wa kurudi, Ndoano alijichelewesha hadi akawa sambamba na binti.

"Mwanangu," alinong'ona, "nirushie hiyo ramani kwenye simu. Mjomba wako asijue."

"Mjomba nimeshamtumia tangu asubuhi," alisema binti. "Mama Chupa ndiye kaniomba sasa hivi, akasema wewe usijue."