Namba 417 Aliyegoma Kujenga

Jumatatu, 9 Juni

Nimempoteza 417. Leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi wawili.

Niandike vizuri, maana nikifa kwa presha mke wangu atataka kujua sababu. Maabara yetu ina aina 1,920 za bakteria, kila moja imeharibiwa jeni moja makusudi. Kazi yangu ni kujua nani hajengi utando. Bakteria wa kawaida akipata ukuta anajigandisha, anatema ute, anaita jamaa zake, wanahamia wote. Ndio ule utelezi wa kwenye mabomba. Unawalaza kwenye sahani ya matundu 96, kesho unaosha, unatia rangi ya zambarau, unaosha tena. Palipo na utando, rangi haitoki.

Kati ya 1,920, mmoja tu aligoma kujenga. 417! Tundu lake jeupe pee. Mvivu wangu! Nimemgundua mimi, niliyeingia hapa miaka kumi na minne iliyopita kuosha chupa.

Profesa aliahidi: jaribio likikubali siku tatu tofauti kabla ya kikao cha Ijumaa, jina langu linaingia kwenye ripoti, na cheo kinatoka fundi kwenda mtafiti msaidizi. Nyumbani nimeshatangaza. Mama mkwe ameshaanza kuniita mtafiti, tena kwa sauti, majirani wasikie.

Leo nimeosha. 417 zambarau tii. Amejenga ghorofa!

Jumanne, 10 Juni

Ni hujuma. Namshuku Miwani, yule binti wa shahada ya uzamivu anayekaa meza ya dirishani na kuoteshea bakteria wake karibu na wangu.

Kwanza niokoe jahazi. Matundu mengine nimeyaosha kwa upole, kama unamwogesha kichanga. 417 nimemfungulia bomba. Kisha kijiti cha pamba, kidogo tu. Si udanganyifu. Ni usafi.

Saa nane mchana: mweupe! Nikamwita Profesa. Miwani naye akaja, bila kuitwa. Akainama, akauliza kwa adabu mbona na majirani wanne wa 417 wamepauka, au mvua imenyesha kona hiyo peke yake? Profesa akasema nirudie, na safari hii ataosha yeye.

Nimeula wa chuya.

Jumatano, 11 Juni

Profesa ameosha. Zambarau. Alinirudishia sahani tu kama mtu anayerudisha chakula kilichounguzwa.

Nimemvaa Miwani. Nimemwambia wazi kwamba kamwaga bakteria wake kwenye tyubu yangu. Hakukasirika. Ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote. Aliuliza swali moja: mara ya mwisho kumtoa 417 kwenye friza ni lini?

Nikajifanya nasoma lebo ya tyubu.

Sheria ya hapa inajulikana hata na mfagiaji: kila jaribio linaanza na akiba ya kwenye friza. Lakini friza ina rejista, na rejista ina Mama Friza, na mimi na Mama Friza hatujasalimiana tangu aliponirudishia tyubu zangu mbele za watu, akisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa nikichota tone kwenye tyubu ya jana na kulitia kwenye mchuzi mpya, yaani chakula chao. Siku 26. Kila siku nazimua mara mia, yaani vizazi sita na nusu na ushee. Nimepiga hesabu: vizazi 172.

Miwani akanieleza taratibu. Kwenye tyubu iliyotulia, anayejenga utando juu ya mchuzi anapata hewa. Mgomaji yuko chini anakabwa. Akitokea mmoja tu aliyebadilika, watoto wake wanajaza nyumba. Akasema, Hakuna aliyekuhujumu, kaka. Wajenzi umewafuga mwenyewe.

Kisha akaomba tone la hao waliobadilika. Nikampa tyubu nzima na kizibo chake. Nikamwambia akawazike mbali.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mama Friza. Mguu mzito, roho nzito. Asili ya 417 ipo kwake: sahani ya tano, tundu C9.

Akauliza kama nimepotea njia. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, ya leo au ya mwezi mzima? Nikaomba radhi. Akasema hasikii vizuri, friza inanguruma. Nikaomba tena, juu zaidi, na wanafunzi watatu wakageuka.

Akanijazisha rejista kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Alipoona 7 yangu akaguna. Mwishoni akanipa, na sharti: kabla sijafanya lolote nitoe nakala mbili nimrudishie zigandishwe. Nikasema bila shaka.

Nakala zingekula saa nzima. Nimeanza jaribio moja kwa moja.

Ijumaa, 13 Juni

Mweupe! C9 mweupe pee! Nilimbusu... hapana, nilibusu kifuniko.

Lakini ni siku moja. Profesa alitaka tatu. Kikaoni akasema matokeo ya 417 hayajathibitika, akageuza ukurasa. Sekunde nne, nilihesabu. Miaka kumi na minne, sekunde nne.

Nyumbani mke wangu aliniangalia nilivyoweka mkoba, akasema hatamwambia mama yake leo, atamwambia kidogo kidogo. Hapo ndipo nilipotamani kulia.

Jumatano, 25 Juni

Balaa jipya. Wale niliosema wazikwe, Miwani hakuwazika. Amepeleka jeni zao zikasomwe. Kumbe jeni iliyoharibika bado imeharibika vilevile! Wamejenga utando kwa njia ya pili, kwa jeni nyingine ambayo hapa hakuna aliyeidhania. Profesa ameruka kama kijana. Ameandika ripoti mpya. Jina la kwanza: Miwani. Chini kabisa, kwenye shukrani: “na fundi wa maabara.” Hata jina sina!

Miwani anasema amemwomba Profesa aniweke na mimi, Profesa anafikiria. Anafikiria nini? Vizazi 172 vimelelewa na mkono huu! Ningefuata sheria, kusingekuwa na ugunduzi. Uzembe huo una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Mama Friza amepita kuuliza nakala zake mbili. Nimemwambia sina nafasi. C9 ni mzima, namchota kila asubuhi kutoka tyubu ya jana, leo siku ya kumi na mbili, na huyu ninamwamini.

Barua nimeipitisha chini ya mlango wa Profesa. Nimeinakili hapa:

“Profesa, kwa heshima. Jina langu liko kwenye ripoti au haliko? Sitaki ‘tutaangalia,’ sitaki ‘tuvute subira.’ Ndiyo au hapana, kwa maandishi, mezani kwangu, leo saa kumi kamili jioni. Sasa ni saa nane na dakika ishirini. Unazo dakika mia moja.”