Waraka wa Kiumbe Chochote

Krrr... fyuuu... tok, tok! Kipaza sauti kilikohoa mara tatu kabla gari lenyewe halijatokeza kwenye kona ya zizi. Kisha tangazo: "Ndama hawaharishi! Serikali imelichunguza jambo hili kwa kina, mezani, na imejiridhisha."

Mwandishi wa tangazo hilo, afisa mifugo kijana aliyebandikwa jina la Waraka, alivimba kichwa humo garini, kando ya Mkurugenzi wake. Hilo "kwa kina" lilikuwa lake. Nyaraka kumi na mbili za mwezi huo zilikuwa zake pia, na aliamini, bila kuulizwa na mtu, kwamba ya kumi na mbili ingesomwa na vizazi vijavyo.

Mama mfugaji alikuwa akiwangoja langoni na kopo lenye kifuniko. Ndama wake wawili walishakufa. Wa tatu, wa mwisho, alilala chini na homa, akiharisha damu.

"Mwanangu, nipimieni hiki kinyesi. Maabara si hiyo hapo ng'ambo ya barabara? Nahofia ni salmonela, vile vijidudu vya kuharisha."

"Mama, maabara inapokea sampuli yenye cheti cha afya ya mnyama. Ya mgonjwa itachafua vifaa."

"Sasa mzima nampima nini?"

"Uzima wake," alijibu Waraka, akapendezwa na jibu lake hata akalinakili daftarini.

Mkurugenzi akashuka, akaomba maziwa ya zizi hilohilo ayanywe mbele ya watu.

"Yachemshwe kwanza, mheshimiwa," mama akasihi.

"Kuchemsha ni kukiri," alisema Mkurugenzi, akagugumia. Waraka, asije akaonekana mpinzani, akanywa vikombe viwili.

Kesho yake walirudi kupigilia bango la "Zizi Salama". Msumari haujashika vizuri, Mkurugenzi akatupa nyundo, akatimka nyuma ya hori la majani. Waraka alimfuata mbio, na hakumfuata kikazi.

Waliporudi wakijikokota, mlinzi waliyemweka hapo asubuhi alikuwa amefunga lango.

"Fungua, bwana!"

"Siwezi, mheshimiwa. Waraka namba kumi na mbili: kiumbe chochote kitakachoharisha zizini hakitatoka mpaka kipimwe."

Mkurugenzi akamgeukia kijana. "Kiumbe? Neno 'ng'ombe' lilikukosea nini?"

"Neno 'kiumbe' lilikuwa na uzito zaidi, mheshimiwa."

"Basi tupimwe!"

"Mna vyeti vya afya?" mlinzi akauliza, kwa adabu zote.

Ndama akafungua jicho moja, akamtazama Waraka kama anayempisha mgeni kwenye foleni. Bingwa wa majibu akagundua kwamba tumbo lake halisomi nyaraka. Mama akawaletea maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari. Wema huo ulimkata Waraka kuliko tumbo.

Mkurugenzi akageuza bango, akaandika juu ya goti: maabara ipokee sampuli za wagonjwa, mara moja. Akatia saini, akamnyooshea mlinzi kopo lenye sampuli yake mwenyewe.

Waraka akalisukuma kando, akampa mlinzi kopo la mama.

"Mama," alisema, mkono mmoja umeshikilia suruali, "atakayepimwa kwanza ni ndama wako. Mheshimiwa atafuata, mimi nitafunga foleni. Na hata wakinifungulia lango, sitoki zizini humu mpaka huyu asimame."