Ufunguo wa Bata wa Chumba Saba

Jumamosi, 1 Machi 1975

Nimeshtakiwa! Mimi! Benedicto Otiende, mtunza ufunguo wa televisheni ya ukumbi wa Mpumudde, miaka minne bila doa!

Aliyenishtaki ni Habib, fundi baiskeli, mtu aliyezaliwa na wivu wake mkononi. Ati jana nilichelewa kufungua sanduku la televisheni. Uongo. Nilikuwa nimesimama mbele ya sanduku kwa wakati, ufunguo mkononi, nikingoja watu wanisalimie ipasavyo. Watu themanini na tatu. Kusalimiwa kunachukua muda. Kama mwanzo wa kipindi ulitupita, lawama si yangu. Tena mwanzo wenyewe nani asiyeujua?

Maana hakuna asiyejua "Bata wa Chumba Saba." Sehemu zake ni kumi na moja tu. Zilitengenezwa zamani, kabla ya hawa wanajeshi... basi, zamani. Shajara nayo ina masikio. Nyingine mpya hazikuja, kwa hiyo kila Ijumaa saa moja na nusu jioni tunarudishiwa zilezile. Bwana Kikoti, mpangaji, anafuga bata chumbani. Mama Sabina, mwenye nyumba, hataki mnyama ndani. Bata anafichwa. Bata anakaribia kuonekana. Haonekani. Imekwisha. Kila sehemu nimeiona labda mara ishirini, na bado Ijumaa mchana pale kiwanda cha pamba nasoma mizani vibaya kwa hamu. Sisi wa Mpumudde tumefika mahali pa kucheka kabla. Mama Sabina akigusa tu kitasa cha mlango, ukumbi mzima uko chini, unashika mbavu. Kituko chenyewe bado hakijafika! Mgeni atadhani tumerogwa.

Mashtaka yamefika kwa Sajini Omollo, msimamizi mpya wa ukumbi tangu juzi. Katoka kambi ya jeshi ya kaskazini na kipindi hiki hajakiona hata dakika moja. Amesema Ijumaa atakuja mwenyewe, atazame, kisha aamue ufunguo ukae na nani.

Kiwandani mimi ni "we Otiende, shusha gunia." Ukumbini mimi ni Bwana Televisheni. Nina kiti changu cha mbele, chenye mto. Topista Nabirye, anayeuza chai na mandazi mlangoni, hunipa andazi la kwanza, la moto kabisa. Bila ufunguo ule mimi ni nani? Naogopa hata kuliandika jibu.

Jumapili, 2 Machi

Mpango wa kwanza. Safi, rahisi. Baada ya kanisa nikawanong'oneza watu wanne kwamba Habib hakipendi kipindi. Ati nimemsikia kwa masikio yangu akisema yule bata anamchosha. Nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu mwema.

Saa nane Habib akaja kwa Topista, mikono imejaa grisi. Hakunigusa. Hakunitukana. Alipanda juu ya benchi akaigiza sehemu ya tisa yote, mwanzo hadi mwisho, ile ya bata kwenye pipa la unga. Sauti ya Mama Sabina, kiuno cha Mama Sabina, kikohozi cha Mama Sabina. Waliokuwa wanapita walisimama. Mmoja aliegemea mti akilia kwa kicheko.

Nikajikuta napiga makofi. Mikono hii haina adabu! Niliirudisha mfukoni haraka lakini Topista ameshaona. Ameniuliza kama mimi na Habib tumepatana. Nimemwambia kamwe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa pili. Nimempelekea Afande Omollo bata hai, mweupe, ili ajue tangu mapema utamu wa kipindi. Akauliza huyu ni wa nini. Nikasema ni ukumbusho, afande. Akauliza ukumbusho wa nini. Nilipokuwa natafuta jibu bata akanya juu ya buti lake, lile la kulia, lililopigwa kiwi likawaka.

Nimelipiga kiwi upya mara tatu. La kushoto pia, ili yalingane. Bata amebaki kwa Afande. Sijui kwa kufugwa au kwa kuliwa, na sikuuliza.

Lakini Mungu hamtupi mtu wake! Jioni Barasa, dereva wa lori letu la pamba, ameniambia habari ya kunifufua. Anapopeleka mzigo Mbale hununua vitunguu kwa mzee mmoja chini ya mlima Wanale, na majirani wa mzee huyo husema alikuwa ndani ya "Bata wa Chumba Saba." Ndani! Barasa anasema ni mkubwa kabisa kwenye kipindi. Basi ni Bwana Kikoti mwenyewe! Nikimleta Ijumaa nimkalishe karibu na Afande, nani atathubutu kuninyang'anya ufunguo? Habib ataigiza mbele ya nani?

Nimemwambia msimamizi wa kiwanda kwamba bibi yangu amefariki. Alinikumbusha kwamba bibi huyo alifariki Agosti na Desemba pia. Nikasema ukoo wetu una mabibi wengi. Ameniruhusu siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Jana Mbale. Nimerudi na pamba puani.

Mzee yupo. Geresom Wanyama. Tulimkuta anapalilia vitunguu, mlima umemkalia mgongoni. Mfupi. Mwembamba. Bwana Kikoti ni mrefu, tumbo linatangulia mlangoni! Nikamwuliza kwa heshima, mzee wangu, wewe ndiye Bwana Kikoti? Akasema hapana.

Akasema yeye ndiye bata.

Nikakaa chini, juu ya vitunguu. Kumbe yule bata wa kweli wa studio hakutoa sauti hata siku moja, kwa hiyo mzee aliwekwa chini ya meza na kazi yake ikawa kulia badala ya bata. Sehemu zote kumi na moja. Uso wake haukuonekana hata mara moja. Anasema bila bata hakuna kipindi, na kwa hilo simbishii. Nilimwomba alie kidogo nisikie. Akakataa kabisa. Ati hawezi kulia shambani kama mtu asiye na heshima zake.

Kisha akasema jambo lililonigusa, nakiri. Hajawahi kukiona kipindi. Walipokuwa wanakitengeneza yeye aliona miguu tu. Televisheni hana. Kwa miaka yote hii watu wanamwambia wamecheka, na yeye hajui walichekea nini.

Anakuja kesho na Barasa. Sharti lake: akae mbele, kwenye kiti chenye mto. Kiti changu! Nimekubali huku roho inaniuma.

Lakini bata hatoshi kumtisha Habib. Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Nitasema ni Bwana Kikoti. Amekonda, amezeeka, basi. Mzee akishuka tu nitampa maagizo: asifungue mdomo.

Jumamosi, 8 Machi

Yesu wangu! Nianzie wapi?

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Afande Omollo mbele, fimbo magotini, uso hauna kitu. Kabla ya kufungua niliwaonya watu: mtu asicheke kabla ya Afande kucheka. Wakaitikia. Kisha nikamtambulisha mzee. Nikasema, ndugu zangu, Bwana Kikoti! Watu wakamtazama. Habib akainuka, akauliza lile pengo la meno la Bwana Kikoti liko wapi. Nikasema jino lilimwota. Akauliza na urefu? Nikasema televisheni hurefusha. Nikageuka upesi nikafungua sanduku.

Ilikuwa sehemu ya sita. Balaa! Kati ya zote, ya sita! Ile ambayo bata anafichwa ndani ya sanduku la kofia, na Mama Sabina anataka kuvaa kofia aende kanisani. Mama Sabina akatokea, hajafanya lolote, anavua koti tu. Na saa ileile Afande akasimama kuvuta mkanda wa suruali yake.

Watu wakaangua kicheko. Themanini na tatu na wa madirishani.

Afande akageuka polepole. Akatazama mkanda wake. Akatazama televisheni, mwanamke anatundika koti, hakuna cha kuchekesha. Akatutazama sisi. Akauliza nani anachekwa hapa.

Nilitaka kueleza kwamba tunacheka kabla, kwamba kicheko ni cha dakika tatu zijazo. Nani angeelewa? Afande akakaa. Kipindi kikaendelea na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Sanduku la kofia likatembea peke yake sakafuni, kimya. Topista alikuwa amejaza leso mdomoni, machozi yanamtoka. Habib amejiuma mkono. Nimekwenda mazishi mengi ya bibi yangu, sijaona yaliyotulia kama yale.

Halafu sauti ya televisheni ikafa, kama kawaida yake. Picha tu. Mama Sabina anainua mfuniko wa sanduku. Anachungulia. Hapa ndipo bata hulia, na hakuna wa kulia.

Pale kwenye kiti chenye mto, bila kuinuka, mzee Wanyama akafungua mdomo akalia.

Banange, jamani! Ilikuwa yenyewe! Ile sauti ya kuchoka na kulalamika, kama bata anadai haki zake. Kila mtu aliitambua saa ileile. Ukumbi ulikuwa umeshika pumzi, na wa kwanza kucheka alikuwa Afande Omollo. Kicheko kama lori linakataa kuwaka, kisha linawaka. Akaanguka na kiti chake. Fimbo ikaenda huko. Basi, kila mtu akaachia! Habib akaruka mbele akawa Mama Sabina. Topista akawa jirani mbea wa chumba namba nane. Mimi nikawa Bwana Kikoti, japo maneno yangu yote yalitoka mapema kidogo. Mzee akilia kila panapotakiwa, jicho halitoki kwenye picha. Alikuwa anajiona kwa mara ya kwanza, na hakuwemo. Machozi yalimshuka. Alisema kumbe ni kizuri.

Ningeishia hapo ningekuwa na furaha. Lakini Afande alijipangusa uso, akamshika mzee mkono, akamwita Bwana Kikoti. Mzee akasema yeye si Kikoti, yeye ni bata, na kwamba huyu bwana mwembamba ndiye aliyemwambia akae kimya adanganye watu. Akaninyooshea kidole! Naye amekalia mto wangu!

Afande akanyoosha mkono. Nikaweka ufunguo juu yake. Habib akatabasamu, akanyoosha wake. Afande akautia ufunguo mfuko wa shati lake mwenyewe, akafunga kifungo. Akasema kitu kitamu hivi hakiwezi kukaa na raia.

Habib na mimi tulitoka pamoja. Topista akatupa andazi moja, tugawane.

Jumatano, 12 Machi

Afande Omollo amehamishwa! Jana asubuhi, kwa gari la jeshi, amekwenda magharibi huko. Kachukua godoro, kachukua bata wangu. Shati alilolivaa ni lilelile. Ufunguo umo mfukoni.

Sanduku limefungwa. Kufuli ni la serikali, na hakuna mwenye moyo wa kuligusa. Habib ana tupa na nyundo na amesema hapana, ana watoto.

Watu wanahuzunika. Mimi nafikiri. Sanduku lina kufuli. Lakini ukumbi je? Mlango wa ukumbi hauna kufuli lolote! Miaka yote hii, na hakuna aliyeliona isipokuwa mimi!

Ijumaa, 14 Machi, saa moja na nusu

Naandika nikiwa ndani ya ukumbi. Nimenunua kufuli, kubwa, la shaba, nimelitia kwenye mlango kwa ndani. Ufunguo uko shingoni, kwa uzi. Nilipanga hivi: wafike, wabishe, wanisalimie mmoja mmoja, kisha nifungue. Ndani tungefanya nini na televisheni iliyofungwa, hilo nililiacha kwa baadaye.

Hawakubisha. Nimechungulia dirishani. Wamekaa nje kwenye nyasi, wote, na wengine wametoka mbali, hata kijiji cha Buwenge. Lori la Barasa liko pale, na mzee Wanyama ameshuka na gunia la vitunguu. Topista ameweka sufuria yake katikati. Habib amejifunga leso kiunoni.

Ni sehemu ya sita tena. Wenyewe wameichagua, wanaiigiza. Habib anavua koti.

Natazama sanduku lililofungwa. Nimekaa kwenye kiti changu, mto wangu, mbele kabisa, hakuna wa kunisukuma. Nimecheka. Peke yangu, mapema, kabla ya wote, nikaziba mdomo. Halafu wao. Halafu bata.

Topista amepitisha andazi dirishani. Limepoa. Ameniuliza kwa nini sitoki. Nikamwambia siwezi kuacha ukumbi bila mlinzi. Amenitazama sana, amerudi kwenye nyasi.

Nimegundua kosa langu. Nimelielewa sasa, waziwazi kabisa. Kosa lilikuwa kufunga mlango wakati watu wako nje.

Kesho asubuhi naenda kwa fundi wa seng'enge. Nyasi zile si pana. Nguzo nane zinatosha, na geti dogo. Geti lenye kufuli.