Maji ya Kuotesha Nywele

Nyumba haina fundi, mlango wake haufungwi, na dari yake hulia mchana kutwa wala hakufa mtu. Umeshindwa? Nipe mji, nikwambie: ni pango. Na hili lilikuwa pango la mawe ya chokaa, katikati ya msitu wa hifadhi, ambako watu wa mjini huenda siku ya mapumziko kupumua hewa safi na kuwapiga picha popo waliolala. Sasa, palipo na watu waliopumzika, mjanja yuko kazini.

Mjanja wa pango hilo aliitwa Kamba. Kwanza kwa rasta zake, nene, zilizomfika kiunoni. Pili kwa uongo wake, ambao ulikuwa mrefu zaidi. Asubuhi hiyo aliegemea kibanda cha tiketi akimpigisha soga mkata tiketi, ambaye ndiye mchumba wake, mara pikipiki mpya ikaingia. Dereva akavua helmeti. Jua likatua juu ya kichwa kile, likateleza.

"Uone upara huo," Kamba akanong'ona. "Huyo si mtu, mpenzi. Hiyo ni riziki."

"Waache watu watembee," mchumba akasema, huku akichana tiketi. "Na siku moja utanyolewa wewe. Mimi nakupenda kwa hizo nywele tu. Ukizitoa, linabaki chungwa lenye masikio."

Mwenye upara alikuwa kinyozi. Ndiyo, kinyozi, Mungu naye hutania. Nyuma yake alishuka mkewe, msusi wa mjini, mwanamke wa maneno machache. Alimtazama Kamba, si usoni, bali kichwani, kuanzia shina hadi ncha, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kamba akajiona mzuri.

"Shikamoo, kaka. Samahani kwa swali la kuudhi. Ulizaliwa hivyo, au ni maisha?"

"Ni maisha, mdogo wangu."

"Pole. Hata mimi nilikuwa hivyo. Nzi akitua kichwani, anaanguka. Nikaja nikakaa chini ya tone la pango. Hizi unazoziona ni za mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja!" Kinyozi akamgeukia mkewe. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Ni zake kweli? Hazijaunganishwa?"

"Vuta mwenyewe, shemeji!"

Shemeji akavuta. Akavuta tena, kwa mikono miwili, mpaka Kamba akalengwalengwa na machozi.

"Zimeota," mke akamwambia mumewe, kwa sauti ya daktari.

"Maji hayo unauzaje?"

"Astaghafiru, kaka! Maji ya pango hayauzwi. Ila pango hupokea zawadi, na mimi ndiye mpokeaji wake. Safari hii linataka pikipiki."

"Pango litaendeshaje pikipiki?"

"Polepole."

Kinyozi akafikiri. "Sawa. Lakini mimi ni fundi, lazima nione kazi. Nikunyoe humo ndani, ukae chini ya tone, ziote mbele ya macho yangu. Zikianza tu kuchomoza, pikipiki yako. Ufunguo huu hapa, shika kabisa."

Kamba akaufumbata ufunguo, na akili yote ikamhamia kiganjani. Tamaa haina masikio, ina vidole tu. Akajiambia: mjinga huyu nitamkalisha gizani amefumba macho, nitoke nikaondoke na chombo. Nywele zitaota tu, hata bila pango. Pikipiki haioti.

Wakaingia. Ndani kulikuwa na baridi ya mtungi, na mawe yalining'inia darini kama chuchu za mbuzi, kila moja likidondosha maji meupe. Kinyozi akatoa mkasi mfukoni. Fundi hatembei mikono mitupu. Akakata rasta moja baada ya nyingine, karibu kabisa na ngozi, kila moja akiifunga uzi kwenye shina na kuilaza juu ya taulo jeupe. Mke alishika tochi.

"Mbona unazifunga uzi?"

"Heshima, mdogo wangu. Nywele ni mwili."

Kamba hakuwahi kuheshimiwa namna hiyo. Aliguswa.

"Sasa," akasema alipokwisha kuwa mweupe kichwani, "kila mtu akae chini ya tone lake na afumbe macho. Anayechungulia huota manyoya."

Wakakaa, kila mtu juu ya jiwe lake. To. To. To. Kamba akasubiri kinyozi azame. Akapanga atapita njia ipi, atapiga honi wapi. Kimya kilipokomaa akafumbua jicho moja. Jiwe la kinyozi lilikuwa tupu. Na la shemeji pia.

Alitoka mbio, chokaa imemkaukia utosini kama ganda la yai. Pikipiki ilikuwa ikivuka lango. Mke amelipakata taulo kama mtoto mchanga.

"Asante, shemeji!" akapaza sauti, mara ya kwanza siku ile. "Nina wateja wanalilia rasta za ukweli!"

"Ufunguo!" Kamba akapiga kelele.

"Wa choo cha saluni!" kinyozi akajibu. "Utuletee siku ukija kunyoa!"

Kamba akajikokota hadi kibandani. Mchumba akamtazama, macho makavu.

"Tiketi yako?"

"Mpenzi, ni mimi!"

"Kila mtu ni yeye, kaka. Mimi nilimwingiza mwenye rasta, na sheria ya hifadhi ni kwamba aliyeingia lazima atoke." Akawageukia wageni. "Jamani, mchumba wangu kapotea msituni!"

Wageni wana huruma. Punde wakawa msafara, na Kamba katikati, akishurutishwa kuita. Akaita mbele ya pango, kwa aibu: "Kambaaa!"

"Kambaaa," pango likaitika.

"Yu hai!" watu wakashangilia, wakamsukuma aingie kumtoa.

Mchumba akampa tochi, akamsogelea sikioni.

"Ukimkuta," akasema, "mwambie nimemsamehe. Ila asitoke humo mpaka maji yafanye kazi."