Tafakari za Baba, Jina Langu

Jumatatu, 6 Julai 2026

Nimeamua. Jumapili jumuiya yetu ya kanisa hapa Malaba, mpakani na Uganda, inachagua mtu wa kutuma tafakari ya somo la siku kwenye WhatsApp. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu baba, katekista Echodu. Nani airithi kama si mimi, Chrispine, mwanawe? Tatizo ni Mama Amongin, muuza dagaa wa omena. Ameanza kutuma kila alfajiri, na watu wanamjibu Amina bila kuchoka.

Lakini nina siri. Masomo ya siku za juma hurudi kila baada ya miaka miwili! Na sauti alizorekodi baba mwaka 2024 ninazo zote. Nasikiliza, naandika, natuma kama yangu. Kazi kwisha.

Leo ni yule mama aliyegusa pindo la vazi la Yesu. Baba anakohoa kwanza, kama kawaida yake, halafu Tumsifu Yesu Kristu. Nyuma yake jogoo, malori ya foleni, kijiko kikigonga kikombe. Nikajibu Milele na milele, peke yangu chumbani. Nimekaa hapo mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 8 Julai

Balaa. Nimeandika haraka, bila kusoma tena: "Asubuhi hii mke wangu aliponiletea chai, niliwawaza mitume kumi na wawili." Mimi! Kapera! Jumuiya nzima inanipongeza. Mama Amongin ameuliza kwa upole bibi harusi ni wa ukoo gani. Nimejibu ni fumbo tu. Mzee Ekisa, mwenyekiti, amesema hata fumbo liletwe kanisani lifungishwe ndoa.

Mama yangu alisoma, akanitazama, akaenda kuchemsha chai. 

Ijumaa, 10 Julai

Muwe na busara kama nyoka. Somo langu kabisa!

Baba anasimulia tulivyovuka mto kwa miguu kwenda kwa shangazi Tororo, mimi mabegani mwake, nikimwuliza kama Mungu wa Uganda ni huyu huyu wetu. Nilikuwa nimesahau. Ee baba, jinsi ulivyocheka! Nimelia kama mtoto. Kisha nikafuta machozi, nikabadilisha kidogo, nikatuma. Sasa kapera ana mke na mtoto mabegani.

Jumapili, 12 Julai

Aibu tupu. Nilituma kabla ya jogoo: Yesu awatuma mitume wawili wawili, bila mkate, bila mkoba, fimbo tu. Kumbe somo la leo ni mpanzi! Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, si miwili. Baba alinifundisha kabla ya Kipaimara, lakini akili yangu ilikuwa kwenye mpira.

Baada ya misa Mzee Ekisa aliniuliza mbele ya wote mbegu yangu ilianguka wapi. Wamemchagua Mama Amongin. Hata yeye alinionea huruma, akanifungia omena. Kiti cha baba kimeenda, na mimi nimebaki na samaki.

Nyumbani mama hakunikaripia. Alisema, "Hayo maneno ni ya baba yako. Nimejua tangu Jumatatu. Nilinyamaza kwa sababu kila alfajiri nilikuwa namsikia tena."

Akaomba nimwekee sauti yenyewe. Baba alipokohoa, mama akacheka na kusema huyo mzee alikataa dawa ya kifua mpaka mwisho. Tulimjibu pamoja, Milele na milele. Nimemwahidi mama sitadanganya tena.

Jumatatu, 13 Julai

Simu ya zamani ya mama ina sauti za 2023. Jumapili zote! Ngano na magugu ya Jumapili ijayo iko tayari. Na Mama Amongin ana omena za kuanika, hawezi kuwahi kila siku. Lazima mtu awe tayari.

Safari hii nitatuma kwa sauti yangu mwenyewe. Mke nimemtoa. Kikohozi nimekibakiza. Nimejaribu sasa hivi: nikakohoa, nikasema Tumsifu Yesu Kristu. Jikoni kijiko kikasimama, na mama akajibu, Milele na milele.

Hata sijatuma, na tayari nimejibiwa!