Msimamizi wa Manyanda

Jumatano ya Majivu, 21 Februari 1996

Mimi Gaudensi wa Kasansa, miaka sabini na sita. Nimevuka vita vya Hitla, njaa na ndui, nimezika wake wawili na mapadri watano. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, na bado nawashinda wengi.

Leo katekista Melkiadi kasema roho haikui kwa starehe. Kila mtu achague jambo la kumuuma Kwaresima hii. Jirani yangu Fabiani kasimama mbele ya watu, eti anaacha pombe. Pombe! Daktari alishamkataza tangu mwaka juzi. Huyu namshinda.

Ijumaa, 23 Februari

Nimetia punje za mahindi ndani ya viatu, nikaenda navyo Njia ya Msalaba. Kituo cha tatu, Yesu anaanguka, na mimi nikaanguka. Watu wamesikitika sana. Safi! Mke wangu wa tatu, Theopista, kasema mahindi ni ya kula. Hajui mambo ya roho.

Jumapili, 25 Februari

Nimelala chini bila mkeka. Siafu! Nimetoka nje mbio kama nilivyozaliwa. Fabiani alikuwa anapita kwenda misa ya asubuhi. Aibu nayo ni mateso, nimeiweka kwenye hesabu yangu.

Jumanne, 27 Februari

Balaa. Melkiadi kaja na Manyanda, yule Msukuma ambaye ng'ombe wake walikula mpunga wangu mwaka jana, kona nzima ya upande wa mtoni. Tangu siku ile simsalimu. Sasa anataka kubatizwa Pasaka, na mimi niwe msimamizi wake! Bila msimamizi habatizwi. Pasaka iliyopita alikosa mtu, mkewe na watoto wakabatizwa, yeye akabaki mlangoni pa kanisa.

Nikasema Fabiani yupo. Melkiadi akasema Manyanda hamtaki Fabiani. Nikauliza, kwa nini mimi? Manyanda akainamisha kichwa.

"Babu, wengine hapa wananichekea tu. Wewe nikikosea unapiga kelele mpaka mtoni wanasikia. Nataka mtu wa hivyo."

Nikajibu nina mateso yangu ya Kwaresima, sina nafasi. Melkiadi akatazama viatu vyangu.

"Mzee wangu, hayo mahindi umejichagulia mwenyewe. Hili ndilo linalokuuma kweli."

Nimewafukuza kwa heshima.

Jumapili, 3 Machi

Nikifumba macho namwona Manyanda amesimama mlangoni pa kanisa peke yake. Halafu nasikia Fabiani anasema nimeogopa. Kuogopa, mimi!

Nimeenda kwa Manyanda kwa miguu yangu. Nimekubali, ila kwa sharti gumu: kwanza azungushie mpunga wangu wote uzio wa miiba. Nilijua atashindwa. Kumbe upande wa mtoni alishauzungushia kabla sijasema, kimya kimya.

Jumamosi, 6 Aprili, Mkesha wa Pasaka

Nimeweka mkono begani kwa Manyanda. Bega gumu kama mpini. Padri akauliza anataka kubatizwa jina gani. Kasema, "Gaudensi." Hakuwa ameniambia!

Ubani ulikuwa mwingi sana, moshi ukaniingia macho yote mawili. Fabiani akanipa kitambaa chake. Nimemrudishia hapo hapo, kimelowa.

Jumatano, 10 Aprili

Wajina wangu kaleta maziwa. Nimemwambia Theopista kwamba mtu huyu sikuwahi kumkasirikia hata siku moja. Akaingia jikoni, nikamsikia anacheka peke yake. Roho yangu imekua, naisikia kabisa. Sidhani Kasansa kuna mwingine kama mimi.

Mchana mbuzi wa Fabiani kaingia kwenye mihogo yangu. Simsalimu tena Fabiani mpaka kiyama! Melkiadi kaja kutupatanisha. Nimemwambia Kwaresima imeisha, aje mwakani.

Yote haya ni kweli tupu. Muulizeni Theopista, muulizeni na Manyanda. Fabiani naye aliona kila kitu, ila mkimuuliza msiseme ni mimi nimewatuma.